MKUKI HURUSHWA KWA MIGUU



Kila mwaka kitabu chetu hiki hutaja ndoa zilizofungwa, watoto waliomaliza shule na wazee waliotutoka. Kurasa za michezo huwa ni za mpira tu: nani kafunga, nani kafungwa, na refa gani alikuwa haoni. Safari hii naomba ruhusa niandike habari za mchezo ambao katika mabaraza yetu ya hapa Sydney hautajwi kabisa, nao ni kurusha mkuki. Ninalo neno moja tu la kusema, na nitalisema mapema ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka mwisho: mkuki haurushwi kwa mkono, mkuki hurushwa kwa miguu. Mkono ni tarishi. Hupeleka barua iliyokwisha kuandikwa na mapaja na nyonga.

Najua wapo watakaocheka. Mwulize mtu yeyote mkuki hurushwa kwa nini, naye atakunja mkono akuonyeshe msuli. Watoto wetu wakiokota fimbo uani hufanya vivyo hivyo. Husimama wima, miguu imekufa ganzi, wakavuta mkono nyuma na kurusha kwa bega peke yake. Fimbo huenda hatua kumi na tano, ikaanguka kwa ubavu, na mtoto akaanza kujishika bega.

"MKENYA LAZIMA AKIMBIE"

Yuko kijana wa jumuiya yetu ambaye jina lake naliweka. Aliletwa hapa na wazazi wake akiwa mdogo, wakakaa upande wa Blacktown. Alipofika miaka kumi na minne alikuwa amemfikia baba yake kwa kimo, na mapaja yake yalikuwa kama ya mchukuzi wa bandarini. Akiruka kutoka pale aliposimama aligusa wavu wa mpira wa kikapu bila taabu. Shuleni kwake, ambako sitakutaja, mwalimu wa michezo aliposikia kwamba ni mtoto wa Kenya hakuuliza swali la pili, akamwandika mbio za nyika. Mwaka wa kwanza kijana alikuwa wa nne kutoka mwisho. Mwaka wa pili akawa wa mwisho kabisa. Wenzake wakamwita Mkenya bandia, na nyumbani nako wajomba zake wakalidaka jina hilo wakalifanya mzaha wa kila Jumapili. Alipotimiza miaka kumi na sita akaacha michezo yote, akawa mtu wa kochi na simu.

Fikra hii ya kwamba sisi ni watu wa mbio ndefu ina mizizi yake, na mizizi yenyewe ni ya fahari. Tumelelewa kwa majina ya Kipchoge Keino, Suleiman Nyambui na Filbert Bayi. Wapo wazee miongoni mwetu wanaokumbuka habari za Februari 1974, Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 kule Christchurch, ng'ambo ya bahari tu kutoka hapa tulipo. Hakuna anayetaka kuifuta fahari hiyo. Lakini imetufanya tusahau kwamba mguu wa mwanadamu una kazi zaidi ya moja. Kuna mguu wa kuvumilia na kuna mguu wa kufyatuka. John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda mita 400 za kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, alibarikiwa yote mawili. Wengi wetu tumejaliwa mmoja tu, na ni dhuluma kumpima mtoto wa mguu wa pili kwa kipimo cha mguu wa kwanza.

KIJANA WA NANDI

Mfano ulio wazi kuliko yote tunao. Julius Yego alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 huko Nandi, yaani katikati kabisa ya nchi ya wakimbiaji wenyewe, mahali ambapo mtoto asiyekimbia hutazamwa kama samaki asiyeogelea. Yeye akashika mkuki. Mikuki yake ya kwanza ilikuwa ya kuchonga kwa matawi ya miti. Kenya ya wakati ule haikuwa na desturi kubwa ya mkuki, hivyo akajifunza kwa kutazama filamu za YouTube, akiwatazama Jan Železný wa Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norway, akirudisha nyuma na kutazama tena na tena. Baadaye alipata nafasi ya kwenda Kuortane huko Finland, nchi ambayo mkuki kwao ni kama ngoma kwetu, akafunzwa na Petteri Piironen.

Matokeo yake yanajulikana, lakini si vibaya kuyaandika hapa kwa ajili ya vijana. Mwaka 2011 alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika, Maputo. Mwaka 2012 alifika fainali ya Olimpiki ya London. Mwaka 2013 alikuwa wa nne duniani, Moscow, kwa mita 85.40. Mwaka 2014 huko Glasgow alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kwa mita 83.87, Mkenya wa kwanza kuipata katika michezo ya kurusha na kuruka. Kisha ikaja tarehe 26 Agosti 2015 mjini Beijing. Katika raundi ya tatu mkuki wake ulikwenda mita 92.72. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amerusha mbali hivyo tangu Železný mwaka 2001. Mmisri Ihab Abdelrahman akawa wa pili kwa 88.99, na wa tatu akawa Tero Pitkämäki wa Finland kwa 87.64.

Sasa nawaomba mtazame jambo moja ambalo magazeti hayakulitilia maanani. Pitkämäki ni mtu wa mita 1.95. Yego ni mtu wa mita 1.75. Mkono mrefu huzunguka duara kubwa zaidi, na ncha yake huenda kasi zaidi. Kwa hiyo kama mkuki ungekuwa kazi ya mkono, Mfini angemshinda Mnandi kila siku, na tusingekuwa na la kusimulia. Basi Yego alipata wapi zile mita tano za ziada? Tazama picha za siku ile. Anakuja mbio, mguu wake wa kushoto unapiga ardhi mbele yake ukiwa umenyooka kama upondo, mwili mzima unapita juu ya mguu huo kama unaotupwa na farasi, na mkuki ukishaondoka yeye mwenyewe anaanguka kifudifudi chini. Watu walidhani kuanguka kule ni madoido. Ni salio la kasi ambayo mguu umeizuia chini na kuimwaga juu, na haikuwa na pa kwenda.

BREKI YA DALADALA

Wazee wa pwani watanielewa upesi kwa mfano wa chusa. Mvuvi anayesimama katika ngalawa hana ardhi chini yake. Akisukuma kwa mguu, chombo kinarudi nyuma. Kwa hiyo hutegemea mkono na uzito wa chusa chenyewe, naye hungoja mpaka samaki awe karibu. Mtoe mtu huyo huyo chomboni, umweke juu ya mchanga mgumu wa maji kupwa, umpe hatua kumi za kukimbia, nawe utaona tofauti. Mkono ni ule ule. Kilichoongezeka ni ardhi.

Na ardhi hufanya kazi yake kwa njia ambayo kila aliyepanda daladala Dar es Salaam au matatu Nairobi anaifahamu mwilini mwake. Gari imejaa, inakwenda kasi, dereva anakanyaga breki ghafla. Magurudumu yanasimama lakini abiria hawasimami: wanamwagikia mbele, na yule aliyesimama nyuma kabisa ndiye anayerushwa kwa nguvu zaidi. Mrusha mkuki hujifanya gari na abiria kwa wakati mmoja. Hukimbia, na wale hodari wa kiume hufikia mwendo wa mita 6 au 7 hivi kwa sekunde, wakizivusha nyonga ubavu-ubavu katika hatua za mwisho ili mguu utangulie na mkono ubaki nyuma. Kisha mguu wa mbele unafunga breki. Kwa anayetumia mkono wa kulia, huo ni mguu wa kushoto. Miguu inasimama, nyonga zinapita, kifua kinafuata, bega linafuata kifua, kiwiko kinafuata bega, na mkuki, ambao ndiye abiria wa nyuma kabisa, unaondoka kwa mwendo wa mita 28 mpaka 30 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Tangu mguu wa breki uguse ardhi mpaka mkuki kuachiwa, muda unaopita ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo. Katika muda huo mguu mmoja hubeba mzigo wa mara kadhaa ya uzito wa mwili. Goti likikubali kupinda sana, kasi yote humezwa na paja, kama mpira unaodundishwa juu ya godoro. Goti likikaza, kasi hupanda juu. Wataalamu waliopima kwa kamera za kasi wamekuta mara nyingi kwamba wanaorusha mbali ni wale ambao goti lao la mbele halikulegea. Si kanuni ya kila mtu, kwa kuwa miili hutofautiana, lakini ndiyo alama ya kwanza ambayo mwalimu mzuri huitazama. Asiyejua hutazama mkono.

Na kasi hiyo ina thamani kubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu umbali hauongezeki sawa na mwendo, huongezeka kwa mraba wake. Mwanariadha anayeachia mkuki kwa mita 28 kwa sekunde akifaulu kufikisha 29 peke yake, umbali huongezeka kwa kiasi cha asilimia 7. Kwa mtu wa mita 80 hiyo ni zaidi ya mita 5, ambazo ndizo huamua nani anapanda jukwaani na nani anafungasha begi. Wazee wetu walisema mwenda pole hajikwai. Ni kweli, lakini katika mkuki mwenda pole hafiki popote.

MJI HUU WETU

Nimesema kwamba twaishi katika mji wa mkuki bila kujua. Mkuki ulirushwa hapa Sydney katika Michezo ya Dola ya Kiingereza ya mwaka 1938. Lakini siku kubwa ilikuwa tarehe 23 Septemba 2000, katika uwanja wa Olimpiki wa Homebush, mahali ambapo wengi wetu hupita kwa treni tukienda kazini bila hata kuinua macho. Mwingereza Steve Backley alitangulia kwa mita 89.85, na Jan Železný akamjibu kwa mita 90.17. Tofauti yao sentimita 32. Železný, aliyekuwa na miaka 34 na aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 98.48 tangu 1996, alipata hapo dhahabu yake ya tatu mfululizo ya Olimpiki. Wala hakuwa jitu: mita 1.86 na kilo 88 hivi. Huyo ndiye yule yule ambaye kijana wa Nandi alimtazama baadaye kwenye filamu. Kwa namna fulani, darasa la Yego lilikuwa na ukuta mmoja hapa Homebush.

Kwa upande wa akina mama, Australia ni taifa la kuheshimiwa. Louise McPaul alichukua fedha Atlanta mwaka 1996. Kelsey-Lee Barber, mhamiaji kama sisi, aliyezaliwa East London, Afrika Kusini, na kuletwa huku utotoni, alikuwa bingwa wa dunia mara mbili mfululizo: Doha 2019, ambako alikuwa wa nne mpaka mkuki wake wa mwisho kabisa ulipokwenda mita 66.56, na Oregon 2022 kwa mita 66.91.

Lakini anayenifaa zaidi kwa hoja yangu ni Mackenzie Little, binti wa hapa hapa Sydney, aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha Sydney na kupata shaba ya dunia Budapest mwaka 2023 kwa mita 63.38. Mwaka 2013, akiwa bado msichana wa shule, alikwenda Donetsk katika mashindano ya dunia ya vijana, akarudi na dhahabu mbili. Moja ilikuwa ya mkuki. Nyingine, wasomaji, ilikuwa ya mita 400 za kuruka viunzi! Mwenye kuamini bado kwamba mkuki ni mchezo wa mkono anieleze hilo. Miguu inayoruka viunzi kumi kwa mwendo wa kasi, ikitua na kuondoka tena bila kulegea, ndiyo miguu inayofunga breki mbele ya mstari wa mkuki.

MTEGO UNAOFYATUKA

Hapa sina budi kutenganisha mambo mawili ambayo vijana wetu wa jimu huyachanganya. Nguvu si sawa na mfyatuko. Mtu anaweza kuchuchumaa na chuma cha kilo 200 mabegani na kusimama nacho, taratibu, uso umemwiva. Hizo ni nguvu, na hakuna anayezidharau. Lakini mkuki hautampa sekunde tatu za kusimama. Utampa ile sehemu moja ya kumi. Anachohitaji ni nguvu zitokazo kwa ghafla, kama mtego wa panya: waya ni mdogo, ila ukifyatuka huoni ulipopita. Kwa hesabu, mfyatuko ni nguvu mara mwendo. Ukiwa na nguvu bila mwendo umepungukiwa, na mwendo bila nguvu vilevile.

Siri yake imo katika misuli na kano. Msuli ukivutwa kwa haraka kisha ukaruhusiwa kujikunja papo hapo, hutoa nguvu kubwa kuliko ukianza kutoka kwenye utulivu, na kano hurudisha kama mpira wa manati. Ndiyo maana mtu anayetaka kuruka huinama kidogo kwanza. Ndiyo maana pia ukiinama ukakaa pale chini kwa muda, faida ile hupotea. Mrusi Yuri Verkhoshansky, miaka ya 1960, alilifanya jambo hili kuwa mazoezi rasmi: mwanariadha hushuka kutoka juu ya kasha, na mara tu nyayo zinapogusa chini anaruka juu tena. Kuanzia hapo warushaji wa dunia nzima wamekuwa warukaji. Huruka viunzi kwa miguu miwili, hupiga hatua ndefu za kurukaruka kama swala, hunyanyua chuma kutoka sakafuni mpaka mabegani kwa mnyakuo mmoja, na hurusha mpira mzito kwa kichwa na kwa ubavu.

Tusizidishe, hata hivyo. Anayeruka juu kuliko wote kikosini si lazima awe ndiye arushaye mbali kuliko wote. Waliopima wanariadha wamekuta kwamba mruko mzuri na mrusho mzuri huenda pamoja kwa kiasi, ila katikati yao kuna ufundi, na ufundi hauuzwi jimu. Mtu mwenye miguu ya chui asiyejua kuuacha mkono nyuma ni sawa na daladala yenye breki kali isiyo na abiria.

Yule kijana wa Blacktown, kwa mfano. Binamu yake mmoja, msichana, ndiye aliyemkokota uwanjani kiangazi kimoja akamwambia, "Kaka, wewe ruka tu, hutakimbia hata mzunguko mmoja." Akaruka kutoka wima kwenye mchanga, na mwalimu wa uwanjani, mzee wa Kiaustralia asiyesema sana, akachukua futi akapima mara mbili kwa kutoamini. Wakampa mkuki. Ulianguka kwa ubavu kama ile fimbo ya uani, na ukaendelea kuanguka hivyo kwa wiki nyingi, kwa sababu mguu wake wa mbele ulikuwa ukikunjika kila alipofika mstarini. Wakauondoa mkuki mkononi mwake. Kipupwe kizima alifanya kazi moja: hatua tatu, breki, simama, hatua tatu, breki, simama. Nilipokwenda kumtazama nilimwona amechafuka goti, jasho linamtoka, naye akicheka peke yake. Hajawa bingwa wa kitu chochote. Lakini yupo uwanjani kila Jumanne na Alhamisi, na wajomba wamekosa mzaha.

MKONO UNAPOUMA

Baada ya arusi moja mwaka jana mama mmoja wa Kikongo, mkazi wa Fairfield, alinisimamisha mlangoni.

"Papa, mkono wa mtoto wangu unauma. Hapa ndani ya kiwiko. Nimwambie aache?"

"Anarusha mara ngapi kwa siku, Mama?"

"Mara mia, Papa. Anapenda kabisa. Hata usiku anarusha."

"Na anaruka mara ngapi?"

Akanitazama kama niliyeuliza mtoto anakula mawe mangapi.

Nilimwambia kwanza ampeleke kwa daktari, na nawaambia hivyo wote, maana maumivu ya kiwiko kwa mtoto anayekua si jambo la kuchua kwa mafuta na kusubiri. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano ambayo huvutwa vibaya kila mara mkono unapojaribu kufanya kazi ambayo miguu imekataa. Hata wakubwa haiwaachi: Neeraj Chopra wa India alifanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2019, miaka miwili kabla ya dhahabu yake ya Olimpiki ya Tokyo. Bega nalo huumia, na mgongo chini, hasa kwa vijana wanaojipinda kupita kiasi. Na mguu wenyewe wa breki hauko salama. Yego huko Rio, mwaka 2016, alirusha mita 88.24 mkuki wake wa kwanza, akaumia kifundo cha mguu, na akamaliza siku na medali ya fedha huku akitembezwa kwa kiti cha magurudumu. Dhahabu alichukua Mjerumani Thomas Röhler kwa 90.30. Yalifuata miaka ya majeraha, na huko Tokyo hakufika hata fainali. Wengi wakamzika. Mwaka 2022 alipata shaba ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, na Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 35, alirusha mita 87.72 akawa wa tano, siku ambayo Arshad Nadeem wa Pakistani alipowashinda wote kwa 92.97.

Kwa hiyo mtoto anayependa mkuki asizuiwe, apunguziwe mirusho. Mirusho michache iliyo sahihi, na muda uliobaki aupe miguu: kuruka kamba, kupanda ngazi kwa kurukaruka, kuruka mbali kutoka wima, kukimbia mita 30 kwa nguvu zake zote kisha kupumzika vya kutosha. Afanye juu ya nyasi, si juu ya saruji ya mbele ya gereji. Kuruka kutoka juu ya makasha kama wale Warusi kungoje mpaka mwili upevuke na awepo mwalimu. Na siku miguu imechoka, mkuki usiguswe, kwa sababu mguu uliochoka haufungi breki, na deni lake hulipwa na kiwiko.

Wazazi huuliza pia gharama na mahali. Little Athletics hapa New South Wales huwa katika majira ya joto, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Machi, na kila mtaa mkubwa una klabu yake. Watoto wadogo hawapewi mkuki wa kweli; hungoja mpaka wakaribie miaka kumi au kumi na mmoja, na wa kwanza kupewa huwa wa gramu 400. Wa wanawake wakubwa ni gramu 600, wa wanaume 800. Uwanja mzuri wa riadha upo Blacktown kule Rooty Hill, upo mwingine Campbelltown, na upo wa Homebush, pembeni ya ule alipoushangaza ulimwengu Železný.

Mkuki klabu itaazima. Viatu ndivyo vinavyosumbua. Viatu vya mkuki si kama vya mbio: vina misumari hata kwenye kisigino, kwa kuwa mguu wa breki hutua kwa kisigino kwanza, na bila misumari huteleza na breki yote ikawa bure. Ni ghali, na mguu wa kijana hauvingoji. Msimu mmoja na vimebana. Mwenye jozi iliyokwisha kumbana mwanawe asiitupe wala asiifungie gerejini. Ailete ukumbini Jumamosi yoyote, iwekwe katika kabati la vifaa karibu na jiko. Namba 8 na 9 za wavulana ndizo zinazotafutwa zaidi mwaka huu, na ya wasichana yoyote itapata mguu wake.